Bakuli la Mama Rania na Chumba cha Mbele

Jumatatu, 24 Machi

Saluni ya Valary imehama! Wamebeba viti, vioo na lile bango la msichana mwenye nywele ndefu, wakaenda zao mtaa wa Satellite. Chumba cha mbele kimebaki kitupu. Mlango unatazama barabara ya kwenda soko la Toi. Sakafu ya simiti. Mabati mazima. Mimi nimeshona viatu mbele ya chumba hicho, chini ya mwavuli uliovunjika mbavu, tangu kabla binti yangu Ndululu hajazaliwa. Kwa haki ya Mungu na ya binadamu, ni changu.

Shida ni moja. Mama Rania, mwenye ploti, hatangazi chumba. Ni Mnubi wa hapa hapa Makina, Kibera, babu yake amezikwa hapa, na hana haja ya dalali wala karatasi ya kubandika ukutani. Anaangalia watu, kisha siku moja anataja jina. Anayeomba hapati. Mama wa mboga aliomba mwaka juzi, akaambiwa "tutaona." Mpaka leo tunaona.

Mvua imeanza. Imenikuta na raba za wafanyabiashara wa Toi, nikazibeba nyumbani na kuzianika juu ya jiko. Chumba chetu ni kimoja. Kilijaa harufu ya gundi na soksi. Ndululu akakohoa mpaka akatapika uji.

Mke wangu Kathini hakupiga kelele. Angepiga ningelala vizuri. Alisema tu kwamba Idd ikipita kama bado tunakausha viatu vya watu juu ya chakula cha mtoto, yeye na Ndululu wataenda kwa dada yake Syombua, kule Gatina. Nikamwambia chumba nitapata. Akasema sawa. Sawa fupi. Nimeoa miaka mingi, sawa hiyo naijua. Naogopa.

Halafu kuna Osewe kinyozi! Kibanda chake kimechorwa X nyekundu na watu wa barabara, kitabomolewa. Leo amepita mbele ya chumba, akasimama, akakohoa kidogo, akaenda. Mtu hakohoi bure.

Nimewaza jioni yote. Hapa mambo hayasemwi kwa mdomo. Chini ya maneno kuna sheria, na atakayezijua ndiye mwenye chumba. Mimi si mjinga. Nitazijua zote kabla ya Idd.

Jumanne, 25 Machi

Nafasi imejileta! Jioni Rania, binti wa mwenye ploti, alituletea bakuli la futari. Ndizi na nyama. Mwezi wa Ramadhani mama yake huwapelekea wapangaji na majirani wote, Mkristo kwa Mwislamu.

Tulikula. Nikaona huu ndio wakati wa kuonyesha adabu. Wengine hukaa na chombo cha mtu wiki nzima. Mimi nilikiosha papo hapo. Nikakikausha. Nikakipiga brashi ile mpya ya viatu, ambayo haijaguswa na rangi, mpaka nikaona meno yangu ndani. Nikakipeleka mwenyewe, kwa mikono miwili.

Rania alipokea. Akatazama ndani ya bakuli. Akanitazama mimi. Akatazama tena ndani. Akasema asante. Nilirudi nikipiga mluzi.

Kathini akaniuliza nimelirudisha na nini. Nikasema na mikono. Akaketi chini. Akaniuliza kama nilizaliwa na watu au niliokotwa, maana bakuli la jirani halirudi tupu. Hata chumvi kidogo. Hata vitunguu viwili. Kwao Kitui ni hivyo, kwetu Machakos ni hivyo, kwa Wanubi ni hivyo, na mama yangu mzazi amefanya hivyo mbele ya macho yangu maisha yake yote. Nikamwambia nilidhani mama anapenda tu kugawa vitu.

Usilolijua ni usiku wa giza. Nimepita kwa Osewe kuuliza, kijanjajanja, yeye lake alilirudishaje. Avokado! Avokado mbili kubwa! Huyu mtu ni hatari.

Jumatano, 26 Machi

Kathini alisema tungoje bakuli lirudi siku nyingine, tulijaze, yaishe. Kungoja ni kwa watu wasio na mpango. Kathini alipokwenda kuwafulia watu nguo kule Kilimani, nilipika muthokoi mwenyewe. Mahindi yaliyokobolewa, maharagwe, kitunguu cha kutosha. Nikaweka kwenye hotpoti yetu ya harusi. Shabaha yangu ilikuwa saa ya kufuturu, kwa sababu najua mfungo ni nini, sikuja Kibera jana.

Lakini saa tisa nilimwona Osewe anaingia langoni na mfuko! Mfuko umevimba! Damu ilinichemka. Nikabeba hotpoti nikakimbia.

Sebuleni walikuwa Mama Rania, Rania, na Mzee Fadlalla wa msikitini na tasbihi yake. Nyuso zimekauka. Nikafungua kifuniko ili waone. Mvuke ukapanda. Nikazunguka nao kwa kila mmoja, nikasema muthokoi ni mtamu ukiwa moto, ukipoa unapoteza nguvu. Mzee Fadlalla alifumba macho na midomo yake ikaanza kwenda mbio. Mama Rania akanyoosha mkono wake mwenyewe, akafunika hotpoti polepole, akasema asante mwanangu, Mungu akuongoze.

Akuongoze! Mtu hamwombei uongozi mtu asiyempenda.

Kathini aliuliza ilikuwa saa ngapi. Nikamwambia. Akajifunika uso kwa leso. Nikajitetea kwamba mfungo ni wa mdomo, si wa pua. Ndululu alikohoa usingizini.

Mfuko wa Osewe ulikuwa na mashine zake za kunyolea. Alikuwa anaomba kuzichaji, maana kibanda chake kimekatwa stima.

Alhamisi, 27 Machi

Mama Rania amerudisha hotpoti kwa miguu yake! Haikuwa tupu. Ndani kulikuwa na gurusa, ile mikate yao myembamba laini, imekunjwa vizuri kama leso. Alisimama mlangoni, akamshika Ndululu paji la uso, akauliza habari ya kifua. Kisha akaaga, na alipokuwa anageuka akasema, "Karibuni basi tufuturu."

Amenikaribisha! Nikavaa viatu nikamfuata nyuma nyuma. Nusu ya njia aligeuka akashtuka kuniona. Furaha, nilidhani.

Niliketi mahali palipokuwa na mto mzuri. Nikala tende, nikala sambusa, nikanywa uji wao wenye pilipili manga. Mzee Fadlalla alikuja akasimama mbele yangu kitambo, kisha akaenda kuketi karibu na mlango. Baadaye niligundua mto ule una umbo la mgongo wake.

Osewe alipita nje. Mama Rania akamwita, karibu futari. Akajibu, "Asante mathee, nimeshiba," akaendelea na safari yake. Ameshiba wapi? Nilimwona mchana akila mahindi ya kuchoma, basi. Nikamcheka kimoyomoyo.

Kumbe! Kathini amenieleza, kwa sauti ile ya kufundisha mtoto kuvaa suruali. Karibu ya kwanza ni salamu. Unashukuru. Ya pili pia unakataa, unasema umeshiba. Mtu akikukaribisha mara ya tatu ndipo unajua anataka kweli uketi. "Si angalau ungekataa mara mbili, Baba Ndululu! Mara mbili tu!"

Nimeitia kichwani. Mbili unakataa, ya tatu unachukua. Alikuwa anazungumzia chakula, lakini sheria ni sheria. Kwa nini hakuna aliyeniambia mapema? Ningekuwa mbali sana maishani.

Ijumaa, 28 Machi

Mpango mpya. Chombo hakirudi tupu, sivyo? Basi nikimpelekea kitu, lazima anirudishie kitu. Akinirudishia, nampelekea tena. Jina langu litakuwa mdomoni mwake asubuhi na jioni. Osewe na avokado zake atasahaulika.

Nilianza na sufuria ya viazi, saa ya kufuturu barabara. Sasa hivi imerudi na pilau. Haraka hiyo! Ameelewa mchezo.

Ila aliyeileta, Rania, hakuwa na uso wa mchezo. Alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. Alisema mama anashukuru sana, lakini anasema usijisumbue. Siku hizi za mwisho za mfungo wana kazi nyingi, mama magoti yanamuuma, na ile sufuria yenu ni kubwa. "Kwa ukweli, Muia, usijisumbue."

Hapa ndipo mtu asiye na akili angeanguka. Mimi nimeanza kuwajua. Ukimtembelea mtu akakwambia usijisumbue kuleta kitu, halafu uende mikono mitupu, uone atakavyokutazama! Usijisumbue maana yake jisumbue. Na amesema mara mbili. Maana yake jisumbue sana.

Nimeazima karai kwa mama wa chapati.

Jambo jingine. Kathini siku hizi akitoka kufua anapitia jikoni kwa Mama Rania. Anakanda unga, anachambua mchele, wanaongea. Nimemwambia aache kukaa huko bila mpango, atanivurugia hesabu. Amesema anaenda kwa sababu mama wa watu amechoka na hakuna anayejua ni nani anayemchosha. Aliniangalia sana aliposema hivyo. Nadhani ni Osewe.

Jumamosi, 29 Machi

Siku mbaya. Mbaya!

Asubuhi nilipeleka karai la githeri, tumebeba mimi na mlinda lango wa ploti ya pili. Rania alifungua mlango, akaliona karai, akafunga mlango. Akaufungua tena, akalipokea. Macho mekundu. Kitunguu, nadhani.

Mchana mvua ikaja kwa hasira. Mwavuli ulikunjika kwa nje na kuondoka. Mtaro ukafurika, raba za Toi zikaelea zikielekea bondeni, na mimi nazikimbilia kwa magoti. Nilipoinua kichwa, nani yuko mbele yangu, suruali amekunja, anazidaka moja moja? Osewe. Akazipanga kizingitini. Kisha akachukua jembe akaenda kuzibua mtaro wa lango, peke yake, mvua inampiga. Mama Rania alikuwa dirishani.

Hiyo ndiyo hila yake. Anajifanya hana haja! Hata kusema na Mama Rania hasemi, ni "salama mathee" na kwenda zake. Nimemwambia wazi kwamba naona anachofanya. Akaniuliza ninaona nini. Nikasema naona. Akasema, "Haya, bro," akaendelea na jembe lake.

Usiku huu raba ziko tena juu ya jiko. Ndululu anakohoa. Kathini amemshika mgongo. Begi la mtoto liko kitandani, zipu wazi, na ndani kuna sweta mbili. Nimejifanya sijaliona.

Jumapili, 30 Machi

Mwezi umeonekana. Idd ni kesho. Watoto wamepiga kelele ploti nzima.

Karai halijarudi. Mama wa chapati amekuja kulidai, nikamwomba asubiri, akaniambia yeye hachomi chapati kwenye paja lake.

Kathini ameniweka chini. Amesema tumealikwa wote kesho, wapangaji wa ploti. Amesema nivae shati safi, nimpe mama mkono wa Idd, nile, ninyamaze. Nisitaje chumba. Nisipeleke chombo chochote. Nikaapa. Akasema pia kwamba mambo huenda yakawa mazuri, lakini alitabasamu upande mmoja na hakutaka kueleza.

Tabasamu! La kwanza wiki hii! Nimejua basi kuna jambo. Nitalala macho wazi.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeandika sentensi hii mara kadhaa nikaifuta. Nianze mwanzo.

Niliingia. Shati safi. Nikasema Idd Mubarak, mkono, kichwa chini. Niliketi mbali na mto wa Mzee Fadlalla. Walisema karibu pilau, nikasema asante nimeshiba. Karibu tena, nimeshiba. Karibu mara ya tatu, nikala! Inafanya kazi! Kathini alinitazama kwa fahari kutoka mlango wa jikoni. Sijawahi kujisikia mtu wa maana kama saa ile.

Osewe alikuja kusalimu tu, akaketi ukingoni.

Chai ilipofika, Mama Rania aliweka kikombe chini. Akasema amekaa na Kathini wiki hii, na mtoto wangu ana kifua kibaya, na mtoto hawezi kukua ndani ya gundi. Akasema, "Muia, kile chumba cha mbele. Si ukichukue?"

Masikio yalipiga kengele. Jina langu! Ametaja jina langu! Mdomo ulikuwa tayari kusema ndiyo, nikaukamata. Mara ya kwanza ni salamu. Nisiwe mlafi mbele ya watu. Nikainamisha kichwa nikasema, asante sana mama, lakini hapana, mimi pale nje naridhika.

Watu wakatazamana. Kathini alitokea mlangoni na sinia la tambi, akaanza kutikisa kichwa, hapana, hapana, macho yamemtoka. Nikamwelewa. Hapana! Kaza kamba! Mke wangu kipenzi, ananisimamia mpaka mwisho.

Mama Rania akauliza tena, polepole, kama kwamba sikusikia vizuri. "Mwanangu, hukitaki? Kwa kweli?"

Mara ya pili. Nikasema kwa kweli mama, sikitaki, wako wenye shida zaidi yangu. Hata nikaongeza kwa mkono, hivi, kumwelekea Osewe. Nikavuta pumzi. Nikaandaa uso wa kupokea mara ya tatu. Uso wa unyenyekevu wenye mshangao kidogo.

Sinia la tambi likaanguka.

Mama Rania akasema haya, Mungu ana mipango yake. Akamgeukia Osewe, akamuuliza je, yeye anakitaka. Osewe akanitazama mimi kwanza. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikatabasamu. Nilijua atakataa mara mbili, yeye mtu wa adabu nyingi, mtu wa kushiba mahindi, na kabla hajafika ya tatu kitakuwa kimenirudia. Nikamwambia chukua.

Akasema, "Asante mathee. Nakichukua."

Mara ya kwanza! Palepale! Bila haya! Na ndiye wanayemsifu!

Nilikaa nikingoja mtu amwambie kitu. Hakuna aliyemwambia. Mzee Fadlalla alinipa tende moja mkononi na kunifunga vidole juu yake.

Nyumbani Kathini hakulia. Aliweka sweta ya tatu, akafunga zipu. Nikamweleza sheria, neno kwa neno, kama alivyonifundisha mwenyewe. Akamweka mtoto mgongoni. Akasema alikanda unga siku zote zile kwa ajili ya dakika ile moja. Akasema sawa. Wakaenda. Nyumba ina harufu ya gundi tu sasa, na sikujua kwamba kikohozi cha mtoto kinaweza kukosekana.

Jumanne, 1 Aprili

Sikulala. Kathini amepiga simu kutoka Gatina. Ndululu amelala usiku mzima bila kukohoa. Amesema kwa Syombua hakuna nafasi ya kukaa sana, watu wamelala hadi chini ya meza. Amesema hataki mambo makubwa, siku nikipata mahali pakavu pa kuweka viatu, hata kona, nimwambie, atarudi siku hiyo hiyo. Hata kona! Nililia kidogo nikiwa nimeshika simu. Naandika kwa sababu hakuna anayesoma.

Karai limerudi. Limejaa tambi na kaimati hadi juu. Rania aliliweka mlangoni, akabisha, akakimbia. Nikalimaliza, nikalisafisha, nikalirudisha kwa mama wa chapati likiwa tupu. Yeye si jirani, anakaa mtaa wa pili. Alinitazama sana.

Nilirudi kazini bila mwavuli. Nimefunika kichwa kwa mfuko wa plastiki. Ndani ya chumba cha mbele Osewe anapaka rangi ya bluu, redio inaimba. Sikumsalimu. Mvua ikaanza, kwanza kidogo, kisha sana.

Osewe akatoka mlangoni na brashi mkononi. Akasema chumba ni kikubwa kwa kiti kimoja cha kunyolea. Akasema ile kona ya dirishani inanitosha mimi na viatu vyangu vyote, na hewa inapita, gundi haitasumbua mtu. "Ingiza vitu zako, Muia. Ingia bana, unanyeshewa."

Kona! Kavu! Nikamwona Kathini anashuka kituoni na mtoto, leo hii, kabla ya jioni.

Lakini mimi si Osewe. Mimi nina adabu. Nikasema asante ndugu, niko sawa hapa.

Akanitazama, maji yananitiririka masikioni. Akasema, "Seriously? Ingia, msee."

Nikasema nimeridhika, wewe endelea na rangi yako.

Akainua mabega. Akarudi ndani, akasukuma mlango ili mvua isiingie kwenye rangi mbichi.

Hiyo ni ya pili. Nimeshapanga vyombo vyangu vyote ndani ya kikapu, nyundo juu, ili akifungua tu nisichelewe. Nimemwandikia Kathini ujumbe ajiandae. Mvua imezidi. Nimeketi nimeuelekea mlango, daftari chini ya mfuko wa plastiki.

Haikosi atafungua sasa hivi.